Imla

Darasa la nne, Mtongwe, Jumatano baada ya pumziko.
Mwalimu Umazi apita kati ya madawati,
chaki nyuma ya sikio kama penseli ya seremala.
Hutamka mara mbili tu, harudii.
Lami.
Nami naandika mali.
Lima.
Naandika mila.
Bahari, kwangu ikawa habari.
Makosa kumi kati ya kumi, na wino mwekundu
ukavuja hadi ukurasa wa hesabu.

"Wewe, herufi zako zina miguu?"
Darasa zima likacheka. Nami nilicheka,
maana nilikuwa nimeziona kwa macho yangu
zikinyanyuka, zikiketi popote palipo wazi,
kama wageni wa harusi wasiopangiwa viti.

Adhabu: kila neno na maana yake,
nikaandike nyumbani, kwa koroboi.

Lami: kile cheusi kwenye kucha za baba.
Sabuni haikitoi, labda mafuta ya taa,
na bado mkate alioumega ulinuka barabara.
Mali: baiskeli moja, minazi mitatu,
redio inayosema ukiipiga kofi.
Lima: anachofanya mama jua halijachoma,
mihogo, nyuma ya choo cha jirani.
Imla: mmoja asema, wengine waandika.
Mila:
hilo sikulijua. Niliacha nafasi.

Alinipa sita. Au tisa, sina hakika,
huenda daftari nililishika juu chini.

Ukaja mwaka wa kutengeneza njia ya Changamwe.
Walifanya usiku, ili malori ya bandarini yapite mchana.
Moja halikungoja mchana.
Sitalisimulia. Nitasema tu kwamba kazi,
ukiivuruga kidogo,
ni kiza,
na kiza nacho, ukikivuruga,
zika.
Herufi nne. Hakuna aliyeongeza, hakuna aliyepunguza.

Arubaini haijafika, akaja ami Mwachiti,
kanzu imepigwa pasi hadi mikunjo yakata.
Ami ana herufi tatu.
Ya nne alikuja kuitafuta kwetu.
Alikalia kiti cha baba bila kukitazama,
akasema, "Ndiyo mila,"
akaondoka akiisukuma baiskeli, maana kuendesha hakujua.
Usiku ule nilifungua daftari, nikajaza ile nafasi.
Mila: ni mali, ikisomwa na ami.

Sasa nakata herufi za bati, Kongowea,
nyuma ya wauza mitumba.
Mtu ambaye herufi zake zina miguu, ndiye huyo huyo
anayezipigilia misumari zisiondoke.
Juzi mwana wa ami aliagiza kibao cha duka: MALI SAFI.
Nikapanda ngazi, nikagonga, nikashuka,
nikavuka ng'ambo ya pili kutazama.
LAMI SAFI.
Muuza mahamri alicheka hadi akaunguza chungu kizima.
Wallahi sikukusudia.
Nilisimama pale, nyundo mkononi, na watu wakinipita,
nikiziangalia kucha za baba kwenye ukuta wa mwanawe nduguye.
Kisha nikapanda tena.
Nilihamisha mbili tu.

Na jana Mwanatumu karudi, mdomo kaubetua.
Mwalimu kasema kazi, yeye kaandika kiza.
Nilimketisha juu ya meza, kati ya vipande vya bati.
"Hesabu."
Akahesabu kwa kidole, taratibu, moja moja.
"Zote zipo," akasema.
"Zote zipo. Hukuiba, hukupoteza. Zimebadilishana viti."
Akafurahi. Akaligeuza daftari huku na huku,
macho yamesinyaa kwa kufikiri.
"Na nikizigeuza tena, baba, nitapata neno gani?"

Niliichukua penseli yake.
Nikamwambia imekuwa butu, ngoja niichonge.